Labrador wa chokoleti au retriva (mbwa wa kuokota ndege) wa aina nyingine kwa kuokota bata? Naomba ushauri kabla sijamjibu mfugaji

Bata_Matete
Habari za jioni wakuu. Labrador wangu mweusi amefikisha miaka 11 na nyonga zimechoka, msimu ujao simtoi tena. Nimepata mfugaji mwenye watoto sita wa rangi ya chokoleti, wana wiki tano, na anataka nimpe jibu mapema ili aniwekee dume mmoja. Nyumbani wote wamewapenda. Lakini rafiki ninayewinda naye kanikatalia kabisa: anasema chokoleti ni mbwa wa maonyesho, nichukue mweusi, au nitafute Golden au Chesapeake. Niko njia panda. Nani ameona chokoleti akichapa kazi kweli? Na ninyi wenye retriva wa aina nyingine mnasemaje?

Filimbi_Moja
Mkuu, mada nzuri ila umeileta nusu. Unawinda majini au nchi kavu? Maji ni baridi kiasi gani? Unakaa saa nyingi kwenye maficho, au unasimama shambani wasukumaji wakikuletea ndege? Yule mzee ulimfundisha mwenyewe au ulimkuta ameshafundishwa? Na kubwa kuliko yote, baba na mama wa hao watoto wanafanya kazi gani? Bila hayo tutakuwa tunabahatisha.

Mama_Retriva
Mimi na huyo rafiki yako hatukubaliani. Rangi haimfundishi mbwa kuogelea. Mweusi, njano na chokoleti wanaweza kutoka tumbo moja siku moja. Chokoleti ni mbwa aliyepata nakala mbili za jeni ya kahawia, moja kwa baba na moja kwa mama. Weusi wawili walioibeba kwa siri wanaweza kukuzalia chokoleti, kwa wastani mmoja kati ya wanne. Sasa niambieni, huyo mmoja anakuwaje mjinga na ndugu zake watatu wenye akili?

Wangu wa chokoleti ana misimu mitano. Ndege akiangukia ng'ambo ya mto hahitaji kuambiwa mara mbili.

Mzee_wa_Kificho
Dada, hesabu yako ni sahihi, lakini nadhani hujagusa kiini. Hakuna anayesema rangi inaharibu ubongo. Nisemacho mimi ni kwamba mfugaji anayetaka watoto wote wawe chokoleti inabidi apandishe chokoleti kwa chokoleti, na hapo madume ya kuchagua yanabaki machache sana. Akishamaliza kuchagua rangi, kazi inakuja ya pili, afya ya tatu. Vizazi vinne vitano hivyo, unabaki na mbwa mzito, kifua kipana, miguu mifupi, anayechoka kabla ya saa nne asubuhi. Nimewinda na Labrador tangu ujana wangu na wazuri wote niliowaona walikuwa weusi, kwa sababu watu wa kazi waliendelea kuchagua kazi.

Na kuna utafiti wa 2018 uliochota kumbukumbu za madaktari wa mifugo Uingereza, Labrador zaidi ya 33,000. Chokoleti waliishi miaka 10.7 kwa kipimo cha katikati, wa rangi nyingine 12.1. Ugonjwa wa masikio ulikutwa kwa 23.4% ya chokoleti na 12.8% ya weusi. Kwa mbwa anayeshinda majini, sikio si jambo dogo.

Mama_Retriva
Mzee wangu shikamoo. Huo utafiti naujua. Lakini wale ni mbwa wa nyumbani wa kila aina, wanene kwa wembamba, si mbwa wa kazi peke yao. Na watafiti wenyewe walihisi chanzo ni huko kufuga kwa ajili ya rangi. Basi tatizo ni mfugaji.

Mzee_wa_Kificho
Marahaba. Ndicho nilichosema, na huyu kijana anakwenda kununua kwa mfugaji.

Povu_la_Ziwa
Chukua Chesapeake, umalize mjadala. Huyu alitengenezwa kwa ajili ya bata na maji ya baridi. Habari zake zinaanzia 1807, meli ilipozama pwani ya Maryland huko Marekani, wakaokolewa watoto wawili wa mbwa, Sailor na Canton. Manyoya yana mafuta, akijikung'uta mara moja nusu ya maji imeshatoka. Mimi mikono inakufa ganzi kwenye maficho, yeye ananitazama tu anasubiri mlio mwingine wa bunduki. Na kama ni rangi ya kahawia mnaitaka, anayo tayari.

Filimbi_Moja
Mkuu Povu, mwambie na upande wa pili. Chesapeake ana msimamo wake. Ukimkaripia bila haki leo, wiki nzima anakuwekea kinyongo. Na ni mlinzi, si kila mgeni atamkubali. Kwa mtu mwenye watoto na wageni wanaoingia na kutoka hilo ni jambo la kupima.

Povu_la_Ziwa
Kweli ana msimamo. Anataka haki na anataka muda. Ukimpa vyote viwili hutapata mbwa mwingine kama yeye.

Kware_Wanne
Naomba nisimulie yaliyonikuta, maana yanahusu hasa hatua unayotaka kuchukua, ndugu Bata_Matete.

Miaka sita iliyopita nilinunua dume wa chokoleti. Mfugaji ana maneno mazuri, banda safi, watoto wanang'aa. Nikauliza nyonga, akanionyesha karatasi za wazazi wote wawili, nzuri kabisa. Sikuuliza kingine kwa sababu sikujua kuna kingine cha kuuliza.

Mbwa alikuwa na moyo wa ajabu. Miezi minane anatulia mlio ukipigwa, anangoja jina lake ndipo aende, analeta ndege mkononi bila kunyofoa unyoya. Alipofika miezi kumi na minne, asubuhi ya joto la kawaida, nikawa namrushia mabunda ya turubai ya kufundishia mfululizo kwenye mteremko. La saba au la nane nikaona miguu ya nyuma inapepesuka. Nikadhani amejikwaa. Akaendelea kulifuata lile bunda huku anaiburuta miguu, hakutaka kuacha. Kisha akaanguka. Macho mazima, fahamu anazo, ananitazama, ila nyuma hakuna nguvu kabisa. Nilimbeba hadi kwenye gari nikiwa nalia. Baada ya kama dakika ishirini akasimama na kutembea, utadhani hakuna kilichotokea.

Daktari wa kwanza akasema ni joto. Wa pili akapima moyo, akasema uko sawa. Ikatokea tena mara mbili. Wa tatu ndiye aliyechukua damu na kuipeleka maabara: nakala mbili za jeni ya DNM1 yenye kasoro. Ni ugonjwa wa kuanguka kwa sababu ya mazoezi makali, kwa kifupi EIC. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota waliitangaza jeni hiyo 2008 na kipimo kipo, damu kidogo au ute wa shavuni unatosha. Mtoto anaanguka akirithi nakala mbovu kwa baba na kwa mama, kwa hiyo wazazi wanaweza kuwa wazima na wachapakazi hadi mwisho wa maisha yao. Mmoja wao tu angepimwa akakutwa safi, mbwa wangu asingeupata.

Nilimpigia mfugaji. Akasema hajawahi kusikia kitu kama hicho. Mwaka uliofuata akauza uzao mwingine wa wazazi wale wale.

Mbwa wangu yuko hai, tunatembea polepole jioni. Wapo wanaokufa palepale katika kuanguka kwa namna hiyo. Bunduki niliiweka ndani misimu miwili, sikuweza kutoka nikamwacha ananitazama mlangoni.

Mama_Retriva
Pole sana ndugu yangu. Imeniuma kuisoma. Ila kwa faida ya wengine, EIC haichagui rangi, weusi na njano nao wanaupata.

Kware_Wanne
Ndiyo, haichagui. Nami sikuleta kisa hiki kuwasema chokoleti. Nimekileta ili asiishie kuuliza nyonga. Aulize EIC, aulize viwiko, aulize macho, yaani PRA inayoua uwezo wa kuona taratibu, aulize na CNM, ugonjwa wa kurithi wa misuli. Mfugaji wa kweli karatasi hizo anazitoa kabla hujaziomba.

Bata_Matete
Kware_Wanne, pole na asante, sikuwa najua hata nusu ya hayo.

Nijibu maswali. Nawinda majini zaidi, matete marefu, tope hadi magotini, asubuhi za baridi. Ndege sita hadi kumi kwa siku nzuri. Mzee nilimfundisha mwenyewe, kwa makosa mengi. Nyumbani kuna watoto wawili wadogo. Mama wa hawa watoto ni mbwa wa nyumbani, hajawahi kufanya kazi. Baba mfugaji anasema anaokota ndege vizuri, lakini sijamwona. Nyonga zimepigwa picha. Vipimo vya jeni sijauliza.

Filimbi_Moja
Hapo ndipo penye jibu. Mwone baba akifanya kazi kwa macho yako. Si video. Mtazame akirudi na ndege: anamshika vipi, anamkabidhi au anamng'ang'ania? Kisha mpapase ndege mbavu. Zikiwa zimepondwa pande zote mbili, dume hilo lina mdomo mgumu, na kwenye mashindano ya uwandani lingetolewa saa ileile. Sikiliza pia kama analia akiwa anasubiri. Mbwa anayelia kwenye maficho atakufukuzia bata wote, na tabia hiyo ikishaota mizizi kuing'oa ni kazi kubwa.

Njano_Daima
Hakuna aliyemtaja Golden kwa uzito, nasikitika. Ni mbwa aliyeanzia kwenye kazi hii hii: 1868 huko Guisachan, Scotland, Lord Tweedmouth alimpandisha Nous, retriva wa njano, kwa Belle, spanieli wa majini. Wangu anafikiri kabla hajakimbia. Ndege aliyejeruhiwa akijificha kwenye majani, Labrador wa jirani anapita juu yake kwa kasi, Golden wangu anarudi na pua chini mpaka ampate. Watoto wanamlalia na hana neno. Kasoro ni manyoya. Ukitoka kwenye tope na mbegu za kunata utakaa saa nzima na kitana, na ni lazima uchague ukoo wa kazi, wale wembamba wenye rangi iliyokolea.

Mkia_Mweusi
Retriva wa Flat-coated nao wapo. Wachangamfu, pua kali, majini hawaogopi. Nilikuwa naye mmoja na alipevuka akili akiwa na miaka mitatu, tena ghafla. Alikufa kwa saratani akiwa na minane. Ukoo huo unasumbuliwa sana na saratani, sitaficha. Bado sijapata moyo wa kuchukua mwingine.

Mpya_Hapa
Samahani, na wale Labrador wa rangi ya fedha? Nimeona tangazo.

Mzee_wa_Kificho
Mwanangu, usiguse. Wale ni chokoleti waliopaushwa na jeni nyingine, na wengi tunaamini iliingia kwa kuchanganya damu. Mashirika makubwa ya mbwa yanatambua rangi tatu tu.

Mama_Retriva
Hilo la kuchanganya damu linabishaniwa, ila kuna wanaopata shida ya ngozi na kupoteza nywele. Tusitoke nje ya mada jamani. Niseme jingine linalowahusu wote: uzito. Kuna utafiti wa miaka 14 kwa Labrador 48, nusu yao walipewa chakula pungufu kwa robo. Walioshwa kidogo waliishi karibu miaka miwili zaidi, na viungo vyao vikachelewa kuchakaa. Labrador anaomba chakula hata akiwa ameshiba. Msimsikilize.

Povu_la_Ziwa
Walioshwa au waliolishwa?

Mama_Retriva
Waliolishwa. Nimeandika haraka, mniwie radhi.

Filimbi_Moja
Na vyovyote utakavyochagua, nunua filimbi yenye namba, Acme 210.5 au 211.5. Ikipotea kwenye tope unanunua nyingine yenye sauti ileile na mbwa hashtuki.

Mzee_wa_Kificho
Mimi natumia vidole. Haviachwi nyumbani.

Filimbi_Moja
Mzee, vidole vyenye baridi havitoi mlio mmoja mara mbili. Na siku ukiumwa, nani atamwita mbwa?

Mzee_wa_Kificho
Mbwa wangu hafanyi kazi kwa mtu mwingine, kwa hiyo halijawahi kutokea.

Bata_Matete
Wakuu, nimerudi. Nimeongea na mfugaji. Hakukasirika, na amekubali kumpima mama EIC na macho. Baba ni wa mtu mwingine, karatasi zake zinaonyesha ni msafi wa EIC, nami nimealikwa Jumamosi kumwona majini. Shida ni kwamba majibu ya mama yatachelewa kupita wiki nane za watoto, na kuna mtu mwingine anamtaka dume yuleyule.

Kware_Wanne
Baba akiwa msafi kweli, hakuna mtoto atakayeanguka, hata mama akiwa ameibeba jeni mbovu. Ila hakikisha namba ya chipu kwenye karatasi ni ya mbwa utakayemwona. Mimi bado ningesubiri majibu ya macho.

Povu_la_Ziwa
Uzao wa Chesapeake ninaoujua unazaliwa mwezi ujao, wazazi wote wanafanya kazi na wamepimwa. Nikuandikie pembeni?

Bata_Matete
Niandikie. Jumamosi nakwenda kumwona baba vilevile. Filimbi_Moja, hizo mbavu za ndege nazipapasaje hasa, kwa kidole gumba au kiganja?