Gari la bei mbaya linalala chini kila usiku, dila yuko Dar mimi niko Tabora, nifanyeje?

Ngamia wa Isevya:
Wakuu habari za asubuhi, nimeona nije kwenu kwanza kabla sijamtukana mtu kwenye simu.

Nina SUV ya Kijerumani, sitaji jina wala aliyeniuzia, wenye nazo mtaijua kwa ugonjwa wenyewe. Niliichukua mpya kabisa Dar, waranti miaka mitatu. Mke wangu alisema chukua Prado, hela inayobaki tupaulie nyumba, nikaona huyu hajui raha. Sasa huu mwezi wa tano kila nikiamka naikuta imepiga magoti mbele kushoto, tairi imezama ndani ya bodi kidole hakipiti, juzi nimekuta jogoo wa jirani anatembea juu ya boneti kama kwao. Nikiwasha, kompresa, ile pampu ya upepo unaonyanyua gari, inanguruma huko chini kama mashine ya kukoboa, inanyanyuka taratiiibu, watoto wameshika mabegi ya shule wanasubiri gari la baba lisimame wima ndo tuondoke. Mtaani wanaiita ngamia, na mimi nimelichukua jina kama mnavyoona.

Nikawapigia dila, yaani walioniuzia, wakasema ilete. Ilete! Tabora mpaka Dar ni zaidi ya kilomita 800 na gari lenyewe limelala. Nikakodi karia, lori la kubeba magari, kwa hela yangu maana waranti yao kumbe inaanzia getini kwao. Ikakaa wiki sita. Kila nikipiga "spea iko njiani bosi", na kila simu anapokea mtu mwingine naanza hadithi upya. Mwisho wakabadilisha kompresa, wakanilipisha nusu eti gari imetembezwa sana kwenye vumbi. Mi nakaa Tabora jamani, walitaka niitembeze wapi, ziwani? Nikaifuata kwa basi, nikarudi nayo Manyoni Itigi inateleza tu mpaka nikawasamehe. Siku 19 baadae asubuhi natoka nje, ngamia kapiga magoti, upande uleule. Napiga simu, "ilete".

Maswali: kuna fundi wa haya mambo ya hewa Tabora, Kigoma au hata Mwanza? Na akigusa mtu wa nje waranti inakufa? Imebaki miezi saba.

Mtu wa Urambo:
Pole mkuu ila shemeji aliongea mapema, mtafute umwombe radhi ndo tuanze ushauri 😂 Gari ni lile ambalo likikufia Kaliua saa mbili usiku unampata mtu mwenye spana na bushi zake dukani. Nina Land Cruiser mkonga hapa una umri wa mwanangu wa kidato cha nne, shokapu nabadilisha chini ya mwembe huku tunakunywa chai. Uza hiyo kitu ikiwa imesimama, usimwonyeshe mteja asubuhi.

Waya Mwekundu:
Mtu wa Urambo acha utani, mwenzio ana shida.

Mkuu Ngamia, mi fundi umeme wa magari, niko Mwanga huku Kigoma, ila haya ya hewa niliyashika Dar kabla sijarudi nyumbani. Kama walichokubadilishia ni kompresa tu basi wamemzika marehemu wakamwacha muuaji ndani ya nyumba. Iko hivi, gari yako haina springi za chuma, ina mifuko ya mpira inayojazwa upepo, na ule mpira chini una sehemu inajikunja na kujikunjua kila ukipita shimo. Vumbi laini na mchanga vikikaa pale kwenye mkunjo vinasaga kama msasa mpaka panapasuka vinyufa vidogo, upepo unavuja usiku kucha. Asubuhi kompresa inalazimika kujaza upya, na ile haikutengenezwa kufanya kazi mfululizo, inapata moto, pete ya pistoni inakwisha, siku moja inaungua. Ukifunga mpya wakati mfuko unavuja, na hiyo mpya inafuata njia ileile. Siku 19 zako ndo hizo.

Kona moja kulala peke yake mara nyingi ni mfuko wa kona hiyo au kiungio cha paipu yake. Zingelala mbili za mbele pamoja ningeanza kushuku bloku ya valvu, ile inayogawa upepo kwenye kona. Usiniamini mimi, pima mwenyewe. Leo usiku chukua futikamba, pima toka katikati ya ringi mpaka ukingo wa madigadi, kona zote nne, andika. Asubuhi kabla hujafungua hata mlango pima tena. Halafu gari ikiwa juu changanya maji na sabuni ya unga, mwagia kwenye mpira na kwenye kiungio, kwenye kidonda utaona povu. Na usiingize mwili chini ya hiyo gari hata siku moja kama haijakaa kwenye stendi za chuma, hiyo ikiamua kushuka haipigi honi. Kwenye menyu kuna sehemu ya kuzima hewa unapopiga jeki, izime kwanza.

Jambo jingine hata kama unanichukia, usiendelee kuiendesha hivyo, unaimaliza kompresa ya pili.

Mama Wawili Cheyo:
Mimi sijui mifuko ila dila namjua. Yangu ilikuwa gia boksi, hata jina la gari silitaji nisije nikalia. Kosa langu la kwanza ni kuongea nao kwa simu. Simu haina ushahidi, yule kaka mwenye sauti nzuri akihamishwa tu kesi yako imehama naye. Kuanzia leo andika imeili, weka namba ya chasisi, kilomita, tarehe uliyoacha gari, tarehe uliyoichukua, na tatizo kurudi baada ya siku 19. Waombe jobukadi, yaani karatasi ya maelezo ya ile kazi, ioneshe walipima nini kabla ya kubadilisha kompresa. Hapo ndo walianza kuniita madam.

Kuhusu fundi wa nje, fungua kijitabu cha waranti usome, usisikilize ya mdomoni. Kuangalia na kupima kwa futi hakuwezi kuua waranti, kufungua na kubadilisha ndo wanakupatia sababu. Wakikuzungusha, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamlinda mlaji pia na FCC, Tume ya Ushindani, ndo wanaoisimamia, nilipowaandikia tu kwamba nakala inaenda huko nilijibiwa siku hiyohiyo.

Dizeli Tupu:
Kama ni dizeli shukuru ni hewa tu. Yangu inaziba filta ya moshi kila mara kwa sababu mi naishia mjini, sokoni, stesheni, nyumbani, ile filta inataka uende mwendo mrefu ipate moto ijisafishe. Halafu injini za Euro 6, kile kiwango cha moshi cha Ulaya, zimetengenezwa kwa dizeli ya salfa 10 ppm, yaani sehemu 10 kwa milioni, sisi huku kiwango cha Afrika Mashariki kilichoanza 2015 kilikuwa 50. Nani aliniambia hayo siku nanunua? Nilionyeshwa viti vinavyokanda mgongo.

Ngamia wa Isevya:
Mrejesho wakuu.

Jana saa tatu usiku kona zote nilizipima. Leo saa kumi na moja na nusu alfajiri tatu zimeshuka milimita chache tu, mbele kushoto imeshuka sentimita 11. Waya Mwekundu Mungu akupe maisha. Nikawasha ikapanda, nikazima hewa kwenye menyu, nikamwagia sabuni, kijana wangu akamulika tochi ya simu, povu likaanza kuota pale kwenye mkunjo kama mtu anapuliza. Kwenye kiungio hakuna kitu. Nimerekodi video dakika mbili, jogoo anasikika.

Nimetuma imeili kama Mama Wawili alivyosema, na vipimo na video, nikaomba jobukadi, nikawaambia mfuko waulete Tabora kwa basi na fundi wao apande basi hilohilo, karia silipi tena. Wamejibu ndani ya saa moja. Wanauliza gari iko kilomita ngapi na nani kanifundisha kupima.

Mtu wa Urambo, huo mkonga unauza?