Naenda kwa shangazi Marangu Desemba, tutembee wapi?

pwani_damu: Habarini wakuu. Mi niko Mombasa, shangazi yangu aliolewa Marangu miaka mingi na hakuna mtu wa kwetu ashawahi kwenda kumuona, sasa Desemba naenda na mdogo wangu wa kike. Kupanda Mlima Kilimanjaro hadi juu hapana, pesa hiyo sina. Tupite wapi na tukifika tutembee wapi? Nikimuuliza yeye ananijibu tu njooni mle ndizi 😂

kijana_wa_himo: Karibuni. Msizunguke Nairobi na Namanga, mtachoka bure. Treni au basi mpaka Voi, hapo matatu za Taveta zipo na lami ni mpaka mpakani. Pale Taveta mnapitiliza tu, mihuri yote mnagongewa Holili jengo moja. Beba pasi na kadi ya homa ya manjano. Holili mpaka Himo, Himo mnapanda za Marangu Mtoni. Ila karibu na Krismasi Wachagga wote wa Dar wanakuwa wamerudi, Noah inajaza hadi mnakaliana na unashuka na mbuzi wa mtu amekulalia mguuni, hivyo wahini kabla ya tarehe 20.

mama_kihamba: Mkishafika hata gari hamhitaji. Kinukamori mnaenda kwa miguu kutoka Mtoni, maporomoko hayo, na mapango ambayo wazee walijifichia wakati wa vita na Wamasai pia yako hukohuko Marangu. Njia yenyewe ndo raha, mifereji ya zamani inapita katikati ya migomba na kahawa, mnapishana na akina mama wana majani ya ng'ombe kichwani na kila mmoja lazima awasalimie na kuuliza nyie ni wa nani. Mwambieni shangazi awatolee mtoto wa hapo awatembeze, msikubali hawa vijana wa stendi.

bodaboda_mstaafu: Chemchemi ya Chemka je? Mnashukia Boma Ng'ombe alafu boda, vumbi hatari lakini maji yake yanaonekana hadi chini na samaki wadogo wanakung'ata miguu.

mama_kihamba: Chemka siku za sikukuu? Huogi pale, unasimama foleni ya kamba ya kujirusha majini. Bora waende Mandara, kile kituo cha kwanza cha kulala wapanda Kilimanjaro, warudi siku hiyohiyo, ni mita 2,720, kiingilio cha watu wa Afrika Mashariki ni nafuu kuliko cha wazungu na mwongozaji ni lazima. Waanze asubuhi, mchana mawingu yanafunika kila kitu.

pwani_damu: Asanteni sana, Mandara nimeipenda. Sasa shangazi nimpelekee nini jamani? Nilifikiria mkungu wa ndizi tamu

kijana_wa_himo: Ndizi?? Marangu??? 😂😂 Mpelekee halwa na samaki mkavu kaka. Na sweta zenu, usiku huko si Likoni.