CRP (kipimo cha damu kinachopanda mwili ukiwa na maambukizi) ya mtoto ni 46 na daktari anasema ni virusi tu, naombeni ushauri

Wazazi wenzangu naombeni ushauri, kijana wangu wa miaka 2 ana homa siku ya tatu, makamasi na kifua kinamkoroma usiku hadi silali. Jana kliniki moja hapa Umoja walimtoa damu, CRP ikaja 46 na kawaida ni chini ya 10, seli nyeupe ziko sawa. Daktari anasema ni virusi, eti virusi aina ya adenovirasi vinaweza kupandisha CRP kama bakteria, hakuandika antibiotiki. Wa duka la dawa naye anasukuma antibiotiki. Mimi namwamini daktari, antibiotiki haiui virusi, lakini hiyo 46 inanitisha jamani. Mliopitia hii, mlirudia kipimo baada ya siku ngapi? Mbavu zikianza kuingia ndani akipumua nakimbia hospitali saa hiyo hiyo.