Naomba ushauri: mume wangu amechoka kukaa ndani ugenini, tusafiri au tusubiri vibali?

Habari zenu wadau. Mimi na mume wangu tunaishi ugenini mwaka wa pili sasa. Kazi ndiyo iliyotuleta, nayo ni yangu. Yeye yuko kwa kibali cha mwenza, hakimruhusu kuajiriwa. Asubuhi natoka, jioni namkuta palepale dirishani. Alikuwa mtu wa watu, leo anaongea na mimi tu, tena nikiwa nimechoka. Inaniuma sana.

Kinachomchangamsha ni safari. Tukipanda treni wikendi kwenda mji tusioujua, anacheka kama zamani. Tumepanga kuvuka mpaka kwa wiki mbili, ila pasipoti yake imebakiza miezi mitano, na nchi nyingi zinataka isiyopungua sita. Vibali vyetu navyo vinaisha karibuni, na chake kinategemea changu. Naogopa tutoke halafu tushindwe kurudi.

Mliopitia haya, mlianza na pasipoti ubalozini au vibali kwanza? Na mwenza asiye na ajira mlimsaidiaje kupata marafiki? Nimempendekezea darasa la lugha, bado anasita.