Macho ya Mama: gumzo la kikundi cha familia

Dada Mwajuma, saa 1:12 asubuhi
Assalamu alaykum ndugu zangu. Mama ameshatundikiwa dripu ya sita ya dosetakseli, dawa yake ya saratani, ile ya kila wiki, na tangu ya nne machozi yanamtiririka mchana kutwa. Jana alikuwa akichambua mchele, na kila mara akiinua ncha ya kanga kujifuta, mpaka ngozi chini ya macho imechubuka. Dawa hiyo hutokea hata kwenye machozi, ikavivimbisha vijia vyembamba vinavyoyapeleka puani, navyo vikiziba, machozi hayana pa kupita ila shavuni. Vikishaingia makovu, dawa yake ni upasuaji; akiwahiwa, daktari wa macho huweza kupitisha vijirija vya silikoni vya kuiweka njia wazi mpaka matibabu yaishe. Naomba mmoja wenu ampeleke kliniki ya macho Alhamisi.

Dada Mwajuma, saa 4:40 asubuhi
Naona watu 11 wameshasoma. Tafadhali jibuni.

Bakari, saa 6:05 mchana
Dada, Mama hulia hata taarabu ikipigwa. Nilidhani ni furaha ya arusi ya Rukia.

Rukia, saa 6:07 mchana
Mjomba Bakari, arusi yangu imeingiaje hapa?

Mama Mdogo, saa 8:20 mchana
Mtieni asali mbichi kidogo, itamtuliza.

Hamisi, saa 8:31 mchana
Mama Mdogo, kwa heshima zote, yale maji ya majani ya Baba hatujayasahau.

Mama Mdogo, saa 8:33 mchana
Kumbe mpaka leo mnanihesabia hilo.

Dada Mwajuma, saa 8:50 mchana
Nawasihi tusilifungue hilo leo. Asitiwe machoni chochote ambacho daktari hajakiandika, kwa sababu kinga yake imeshuka na kioo cha jicho ni chepesi kudhurika. Wala asiache dripu kwa hofu: daktari wake wa saratani aelezwe, maana dawa hiyohiyo ikitolewa kila baada ya wiki 3, tatizo hili huwa nadra zaidi, na uamuzi wa kubadili ratiba ni wake.

Mjomba Athumani, saa 2:15 usiku
Wanangu, nimesomewa yote. Dada yangu aliniambia kwa simu kwamba hawezi tena kutunga uzi kwenye sindano, akaniomba nisiwaambie. Sasa nimewaambia. Mwajuma amekwenda naye hospitali peke yake tangu dripu ya kwanza, na Alhamisi hatakwenda peke yake. Hamisi, gari ni lako.

Hamisi, saa 3:32 usiku
Nimesikia, Mjomba. Gari liko gereji, na fundi ameahidi kulitoa Jumatano.

Dada Mwajuma, saa 3:34 usiku
Na lisipotoka? Halafu barua ya rufaa siioni kwenye mkoba wa Mama. Iko kwa nani?

Mama Mdogo, saa 4:58 usiku
Ninayo mimi, tangu Jumapili.