Tairi linapungua upepo taratibu: kamba, kiraka, tyubu, jeli au ninunue jipya?

Safari_Ndefu
Wakuu, habari za muda huu. Tairi langu moja linapungua upepo taratibu. Halilali chini kabisa, ila nikiliacha siku kadhaa linalegea hadi unaliona kwa macho. Nimechoka kujaza. Kila ninayemuuliza ana lake: mmoja kaniambia nipige kamba, ule uzi wa mpira unaosokomezwa kwenye tundu kutoka nje, nimalizane nalo, mwingine kiraka cha ndani, jirani ananishauri niweke tyubu, na kuna aliyesema nimimine jeli ya kuziba humo ndani mambo yaishe. Wa mwisho kasema nisihangaike, ninunue jipya. Mwisho wa wiki nina safari ndefu na familia. Ingekuwa ninyi mngechagua lipi?

Spana_13
Mkuu, tairi lipi? La mbele au la nyuma? La tyubu au tyublesi, yaani lisilo na tyubu ndani? Rimu za chuma au alumini? Msumari umeuona au hujauona? Lina umri gani? Umetuletea mgonjwa bila kusema anaumwa wapi.

MamaGia
Naongezea: linashuka kutoka ngapi hadi ngapi, na ulipima likiwa la baridi? Kuna watu wanajaza wakishatoka barabarani, tairi limechemka, kesho asubuhi wanakuta namba imeshuka wanadhani pancha. Baridi nayo ikiingia ghafla, joto likashuka nyuzi 10, tairi linapoteza kama psi (kipimo cha presha ya upepo) moja na nusu bila tundu lolote. Ila hapo yanashuka yote manne. Likishuka moja peke yake, hilo lina lake jambo.

Kanyagio
Piga kamba. Dakika chache gari liko barabarani, tairi halitolewi hata kwenye rimu. Mimi nimepiga kamba hadi tairi likaisha kashata, ule mpira wenye mifereji unaogusa barabara, kamba bado ipo palepale. Hizo stori nyingine ni za kumaliza hela za watu.

Mzee wa Rivasi
Kanyagio, hiyo kamba anaipiga wapi wakati hata hajasema kama kuna tundu? Au atoboe kwanza?

Kanyagio
Mzee, tairi haliwezi kupungua bila tundu. Tusianze.

Spana_13
Linaweza, tutafika huko.

Kuhusu kamba, hakuna anayesema haizibi. Inaziba. Shida ni kwamba inapigwa kutoka nje, na hakuna aliyechungulia ndani kuna nini. Tairi la tyublesi lina utando wa ndani unaoshika upepo, halafu chini ya kashata kuna nyaya za chuma. Kamba inajaza njia ya msumari lakini ule utando haiuzibi sawasawa. Kiraka peke yake nacho kinaziba utando, ila njia ya msumari inabaki wazi, maji yanapenya, nyaya zinashika kutu kimyakimya. Ndiyo maana kuna kile chenye umbo la uyoga: kichwa kinabandikwa ndani, shina linavutwa kupitia tundu hadi nje, kisha linakatwa usawa wa kashata. Kwa hicho lazima tairi litolewe kwenye rimu, pasuguliwe, papakwe gundi, ikauke kwanza, ndipo kibandikwe na kupitishiwa rola. Ukimwona fundi anapaka gundi na kubandika hapohapo bado inateleza, jua utarudi kwake.

Na hayo yote ni kwa tundu lisilozidi milimita 6, tena katikati ya kashata. Begani au ubavuni, sahau. Ubavu unajikunja kila gurudumu linapozunguka, hakuna kiraka kinachodumu pale.

Kanyagio
Milimita 6, rola, uyoga... Ukiwa porini saa mbili usiku utakuja kuniambia habari za rola. Kamba inakaa kwenye buti na plaizi, basi.

MamaGia
Porini sawa, tena hata mimi ninayo kwenye buti. Ila kupiga porini ukafika nyumbani, na kupiga ukasahau hadi tairi liishe, ni vitu viwili tofauti.

Binti_Sukani
Nikisikia mtu anashauri tyubu kwenye tairi la tyublesi mwili unanisisimka. Gari la nyumbani lilikuwa na tairi la nyuma lenye tabia hiyohiyo. Kaka yangu akalipeleka kwa fundi mmoja, akaambiwa, "Weka tyubu, upepo hautoki tena." Na kweli haukutoka. Tukakaa nalo muda mzuri tu, wote tukalisahau.

Siku tunarudi safari, jua kali, gari limejaa watu na mizigo, kaka yuko kwenye mwendo wa kawaida wa barabara kuu. Ukapiga mshindo mmoja, nyuma kukaanza kuyumba. Haikuwa pancha ya kukupa nafasi ya kutafuta pa kupaki, upepo wote ulitoka kwa mkupuo. Nashukuru hakukanyaga breki. Alishikilia usukani, akaachia mafuta, gari likajikokota hadi pembeni huku mama anasali kwa sauti kiti cha nyuma.

Tairi lilipokuja kufunguliwa, ndani kulimwagika unga mweusi wa mpira wa kujaza kiganja, ubavu wote umesagwa na rimu. Na kipande cha msumari bado kimo kwenye kashata, ncha imechungulia kwa ndani. Yaani yule fundi aliweka tyubu juu ya msumari! Hakupitisha hata mkono kupapasa. Tairi ambalo lingezibwa vizuri likaendelea na kazi, tukalitupa. Spea nayo tulipoishusha ilikuwa haina upepo, lakini hiyo ni stori ya siku nyingine.

Mzee wa Rivasi
Pole sana dada. Ila usiilaumu tyubu, mlaumu fundi. Sisi tumeendesha tyubu miaka yote kabla hizi tyublesi hazijajaa mjini, na tulifika.

Spana_13
Mzee wangu, shikamoo. Yale matairi yalitengenezwa kwa ajili ya tyubu. Tyublesi kwa ndani si laini, kuna mistari ya kalibu, wakati mwingine hata vibandiko vya karatasi, na tyubu inasugua humo kila siku na kuzalisha joto. Halafu ikitoboka, upepo unapata njia kwenye tundu la valvu ambalo sasa halina mpira wa kuziba. Ndiyo maana ulitoka kwa mkupuo.

Mzee wa Rivasi
Marahaba. Bado nasema msumari ndio uliotoboa, si vibandiko.

Mtu_Baki
Jeli ni ya kukufikisha kwa fundi tu. Soma chupa: nyingi zinakuambia usizidi kilomita 80 kwa saa, na zina tarehe ya kuisha muda. Fundi akifungua anakuta ute umetapakaa tairi zima, atakununia kabla hajaanza kusafisha. Kama gari lina sensa ya presha ndani ya gurudumu, jeli nyingine zinaiziba. Usiende nayo safari ya familia ukaiita dawa.

Safari_Ndefu
Asanteni wakuu, nilikuwa kazini. Ni la mbele kushoto, tyublesi, rimu za alumini zilizokuja na gari. Najaza 33, baada ya siku chache nakuta 25 au 24, napima asubuhi kabla sijatoka. Msumari sijauona na nimezungusha gurudumu lote. Kashata bado nzuri.

Spana_13
Umri?

Kimya_Kingi
Jaza naitrojeni. Haivuji ovyo kama upepo wa kawaida. Ndege zinatumia, magari ya mbio yanatumia.

Mtu_Baki
Kaka, upepo wa kawaida asilimia 78 ni naitrojeni tayari. Unalipia hiyo 22 iliyobaki. Na tundu halimuulizi anayepita ni nani.

Kimya_Kingi
Ni kavu, haina mvuke wa maji, rimu haipati kutu kwa ndani. Chunguza kabla ya kucheka.

Mtu_Baki
Ukavu nakubali. Lakini jamaa anapoteza psi 8 kwa siku chache, hiyo si habari ya ukavu. Na akiishiwa njiani ataipata wapi hiyo naitrojeni?

MamaGia
Tumwache jamaa asafiri jamani. Safari_Ndefu, kabla ya kuchagua dawa tafuta linapovujia. Lijaze hadi 35 hivi. Changanya maji na sabuni ya vyombo, yawe na povu kidogo, usiyajaze povu hadi usione kitu. Anza na valvu: fungua kifuniko, dondosha tone juu ya mdomo wake. Likifura kiputo, ni ile sindano ya ndani, inabadilishwa kwa kifunguo kidogo na ni kitu cha bei ndogo sana. Kisha ipinde valvu taratibu huku na huku uangalie shina linapoingia kwenye rimu, mpira ukizeeka unapasuka hapo na huvuja ukiwa umepinda tu. Halafu mwaga kwenye kashata, nenda polepole, skrubu ndogo zinajificha kwenye mifereji na kichwa chake kimeshasagika kikafanana na kijiwe. Mwisho pitisha kwenye mdomo wa rimu, pale tairi linapokutana nayo, pande zote mbili. Upande wa ndani hauonekani gurudumu likiwa kwenye gari, kwa hiyo piga jeki ulitoe kabisa. Usiwe na haraka, mvujo mdogo unachukua dakika moja au mbili kuonyesha povu.

Safari_Ndefu
Nimerudi. Nimelitoa. Kashata hakuna kitu. Kwenye valvu kuna kiputo kimoja kinakuja polepole sana, sina uhakika kama si sabuni tu. Ila upande wa ndani wa gurudumu, mdomoni mwa rimu, kuna sehemu ya urefu wa kidole inatoa povu jeupe laini, haikomi. Sasa hapo napiga kamba wapi?

Mzee wa Rivasi
Kanyagio, unaitwa.

Kanyagio
Mdomo wa rimu si kazi ya kamba, sijawahi kusema hivyo. Nilijibu swali lililoulizwa.

Spana_13
Ndiyo maana nilisema linaweza. Na ona sasa: ungenunua tairi jipya, likavalishwa rimu ileile, wiki ijayo ungekuwa umerudi hapa. Rimu za alumini zikizeeka rangi inabambuka pale tairi linapokaa, pakaota unga mweupe wa kutu ya alumini, tairi likakosa kugusa sawasawa. Tairi litolewe, pasuguliwe kwa brashi hadi pawe laini, pasafishwe, papakwe ile dawa nyeusi ya kuziba mdomo, lirudishwe. Na kwa kuwa limeshatoka, weka valvu mpya hapohapo, usibaki kubishana na kile kiputo.

Binti_Sukani
Na aangalie nyufa! Upande wa ndani ndio unaopigwa na mashimo. Rimu ikiwa na ufa, brashi na dawa ni kujidanganya.

Spana_13
Kweli kabisa. Zungusha ukitazama kama mdomo umepinda, na pitisha kucha pale panapotoa povu. Kuna wanaochomelea rimu za alumini, mimi simo.

Mzee wa Rivasi
Mimi nimo. Ikichomelewa na mtu anayejua, inadumu.

Spana_13
Chuma, sawa. Alumini ikipata joto inapoteza ugumu wake pale pembeni ya weldi. Mzee, tusiagane vibaya.

Safari_Ndefu
Kucha haikwami popote, ila pana mchanga na ukungu mweupe. Fundi aliye karibu anasema dawa hiyo hana, atapaka gundi ya kiraka. Nikubali? Au nihamishie hilo gurudumu nyuma nisafiri hivyohivyo nikijaza njiani?

MamaGia
Kuhamisha mbele au nyuma hakuzibi kitu. Likikuishia nyuma ndiyo mbaya zaidi, mkia unakutangulia. Ndiyo maana hata matairi yenye kashata nzuri hushauriwa yakae nyuma.

Kanyagio
Hapo sasa! Matairi mazuri yanakaa mbele, kwenye usukani na breki. Nani kakuambia nyuma?

Mtu_Baki
Watengenezaji wa matairi wenyewe. Mbele ikiteleza kwenye maji gari linaenda moja kwa moja, unaachia mafuta linarudi. Nyuma ikiteleza linageuka.

Kanyagio
Gari linalovuta mbele likiwa na vipara mbele halitapanda hata kilima. Hiyo ya watengenezaji ni ya huko kwao.

Spana_13
Safari_Ndefu, gundi ya kiraka si ya kazi hiyo, ila kusugua rimu peke yake mara nyingi kunatosha. Mwambie asugue vizuri, aweke valvu, ajaze, kisha mwage maji ya sabuni tena kabla hujaondoka pale. Na hujajibu umri. Angalia ubavuni baada ya herufi DOT, tarakimu 4 za mwisho: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Safari_Ndefu
Upande wa nje DOT ipo ila haina hizo tarakimu 4.

Spana_13
Zipo upande wa pili.

Binti_Sukani
Na spea je, ina upepo?

Mpya_Hapa
Samahani kwa kuingilia. Langu halipungui upepo ila limetoa uvimbe ubavuni, kama nusu ya limau. Kiraka cha uyoga kinafaa?

MamaGia
Hakifai, nyuzi za ubavu zimekatika. Litoe leo, usiende nalo popote. Halafu fungua uzi wako ndugu yangu, huku bado tunasubiri DOT.