Chuoni ukitumia akili mnemba ni mwizi, ofisini usipoijua huna kazi. Tushike lipi?

Wakuu, nimevumilia wiki mbili, leo naongea. Nasoma takwimu mwaka wa tatu hapa Dodoma. Chuo sikitaji, bado nadai matokeo.

Supavaiza kanirudishia sura ya pili ya utafiti na wino mwekundu: imeandikwa na mashine, rudia yote. Sura hiyo niliianza kwa kalamu, daftari ninalo mpaka sasa, mikato na mishale kila ukurasa. Nilimpelekea. Hakulifungua. Eti programu ya kukagua imeshasema. OpenAI wenyewe, waliotengeneza ChatGPT, walitoa programu ya kunasa maandishi ya mashine Januari 2023, na Julai mwaka huohuo wakaiondoa kwa kuwa haikuwa sahihi. Mwenye ng'ombe kashindwa kumtambua ng'ombe wake zizini, wewe jirani unaapa kwa lipi? Kiingereza changu ni cha shule ya kata, nilikikariri sentensi kwa sentensi. Leo kukariri kwangu kunaonekana ni mashine, ndio ushahidi dhidi yangu!

Na sifichi, akili mnemba huwa naitumia. Somo la regresheni tulisomeshwa tukiwa tumejaa hadi mlangoni, mimi nyuma kabisa nasikia mwangwi tu. Nimekuja kulielewa saa nane usiku kwa bando la usiku, nauliza swali lilelile mara saba na hakuna anayenicheka. Hilo siwezi kulikana.

Ila fildi ndiyo iliyonikosesha usingizi. Kuna kazi iliyokuwa inatuweka mjini wanafunzi wengi: kunakili mahojiano ya watafiti. Unavaa spika za masikioni, unasikiliza, unaandika, unalipwa kwa saa ya rekodi. Dada yangu alilipia chumba Ng'ong'ona kwa hela hiyo. Ofisi niliyopangiwa, rekodi zote za Kiswahili zilinakiliwa na mashine asubuhi moja, sisi tukabaki kukagua, bure. Zikaja za bibi mmoja wa Mvumi anaongea Kigogo, mashine ikatoa maneno yasiyo na kichwa wala miguu. Nikaitwa mimi. Nilifurahi jamani, nusu siku nzima najiona wa maana. Halafu nikawaza: haya ninayosahihisha yanakwenda wapi? Au ndio namfundisha atakayenitoa kitini?

Siku ya kuagwa, mkuu wa kitengo akatuambia tukirudi kuomba kazi tuje tunazijua hizi zana. Tuzijulie wapi, kama chuoni kuzigusa tu ni kesi? Na mkopo wa serikali unanisubiri, makato asilimia 15 ya mshahara. Mshahara upi?

Ninachotaka ni kimoja. Niitwe, nikae mbele ya jopo, niulizwe sura yangu mstari kwa mstari. Nikishindwa, wanifelishe. Aliyewahi kukata rufaa kwa kesi kama hii na akasikilizwa aniambie alianzia ofisi gani, maana idarani nimeenda mara tatu na kila siku naambiwa njoo kesho.